Mgawa Kura ni Nani?

Kila uchaguzi wa rais unapomalizika kwa tofauti ndogo, hutafutwa mtu wa kubebeshwa lawama. Mshindi hana haja naye. Wanaomtafuta ni walioshindwa, na aghalabu humkuta pale pale walipotazamia kumkuta, yaani katika mstari wa tatu wa orodha ya matokeo. Huyo ndiye aitwaye mgawa kura. Husemwa kwamba alijua fika kuwa hatashinda, akagombea hivyo hivyo, akachota kura chache ambazo lau asingekuwapo zingekwenda kwa jirani yake wa kisiasa, na kwa kitendo hicho akaikabidhi nchi kwa mpinzani wa wote wawili.

Sisi wa Visiwani hatuhitaji kuelezwa uzito wa kura chache. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kuwa Rais wa Zanzibar kwa kura 165,271, na Maalim Seif Shariff Hamad akatangaziwa kura 163,706. Tofauti ilikuwa kura 1,565. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa kura 179,809 dhidi ya 176,338 za Maalim Seif. Tofauti ikawa 3,471. Katika uchaguzi ule wa kwanza wagombea walikuwa wawili tu, kwa hiyo hapakuwa na wa tatu wa kulaumiwa. Katika huu wa pili wagombea wa vyama vidogo walikuwapo, lakini kura zao zote zikijumlishwa hazikufika hata moja katika kila mia, wala zisingetosha kuiziba tofauti ile. Yaani tumeyaonja matokeo membamba kabisa, bali jambo lenyewe tunalolizungumza leo bado halijatufika. Ndiyo maana yafaa tulizungumze sasa. Kanuni ya kuhesabu kura hutungwa kwa insafu zaidi na watu ambao hawajajua bado itamfaa nani na itamdhuru nani.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Marekani, uchaguzi wa Novemba 2000. Wagombea wakubwa walikuwa George W. Bush wa chama cha Republican na Al Gore, Makamu wa Rais wa wakati huo, wa chama cha Democrat. Wa tatu alikuwa Ralph Nader wa chama cha Green, mtu aliyejipatia heshima kwa miaka mingi kwa kuwatetea wanunuzi wa bidhaa dhidi ya makampuni makubwa. Nchini Marekani rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za taifa. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais, na takriban majimbo yote humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, hata akiwa amemzidi mwenzake kwa kura moja. Gore alipata kura za wananchi zaidi ya nusu milioni kuliko Bush katika taifa zima. Lakini uchaguzi ulining'inia katika jimbo moja la Florida lenye wajumbe 25, na hesabu rasmi ya Florida ilisema Bush 2,912,790, Gore 2,912,253. Tofauti, kura 537. Nader katika jimbo hilo alikuwa na kura 97,488.

Basi hesabu ikaonekana imekwisha. Kura 537 kwa upande mmja, karibu laki moja kwa upande wa pili. Tangu siku ile jina la Nader likawa mithali ya mgawa kura, na wapo waliokuwa marafiki zake wa miaka mingi ambao hawakumsamehe.

Hatusemi kwamba lawama hiyo haina msingi. Wanazuoni wawili, Herron na Lewis, waliochunguza karatasi zenyewe za kura za Florida, walichapisha mwaka 2007 matokeo yao, kwamba katika wapiga kura wa Nader takriban sita katika kila kumi wangempa Gore na wanne wangempa Bush kama wangelazimika kuchagua mmoja kati ya hao wawili. Huo si mgawanyo wa upande mmoja kama wengi walivyodhani, lakini ukipiga hesabu, ziada ya Gore ingekuwa maelfu mengi, ilhali alihitaji mamia tu. Kwa Florida, kwa hiyo, kuwapo kwa Nader kulitosha kubadili matokeo. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa.

Lakini tazameni orodha nzima ya Florida, msitazame mstari wa tatu peke yake. Walikuwapo wagombea wengine kadhaa, wa mrengo wa kulia na wa kushoto, na kila mmoja wao alipata kura zaidi ya 537. Hata James Harris wa chama kidogo cha wafanyakazi wa kisoshalisti, ambaye Wamarekani wengi hawakupata kulisikia jina lake, alipata kura 562. Ikiwa mgawa kura ni yeyote aliyepata kura nyingi kuliko tofauti ya wakubwa wawili, basi Florida ilikuwa na wagawa kura wa kujaza baraza zima.

Yapo na mengine. Katika wilaya ya Palm Beach karatasi ya kura ilipangwa kwa namna iliyowachanganya watu, majina yakiwa pande mbili na matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Pat Buchanan, mgombea wa mrengo wa kulia, akajikuta na kura 3,407 katika wilaya ile ya wazee wengi wasiopatana naye kwa lolote, na yeye mwenyewe akasema hadharani kwamba nyingi ya kura hizo yamkini hazikuwa zake. Ubao uliotengenezwa vibaya na karani mmoja ulikuwa na nguvu kuliko hotuba za miezi kumi. Kisha tarehe 12 Desemba Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikasimamisha kuhesabu upya. Tena Gore alishindwa katika jimbo lake la nyumbani, Tennessee, lenye wajumbe 11, kwa tofauti ya kura zaidi ya 80,000, ambako Nader hakufikisha hata 20,000. Lau watu wa kwao wangalimchagua, asingeihitaji Florida. Hapo hapana wa tatu wa kulaumiwa, na pengine ndiyo maana Tennessee haitajwi sana.

Na mizani ina sahani mbili. Huyo huyo Buchanan, katika majimbo manne ya New Mexico, Iowa, Wisconsin na Oregon, alipata kura nyingi kuliko tofauti ambayo Gore alimshinda nayo Bush. Majimbo hayo kwa pamoja yalikuwa na wajumbe 30, zaidi ya wale wa Florida. Upande wa Bush ungeshindwa, bila ya shaka tungesikia habari ya Buchanan mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa ulishinda, hakuna aliyeikumbuka. Lawama ya mgawa kura haitolewi na hesabu. Hutolewa na aliyeshindwa, na hutolewa kwa yule tu aliyesimama karibu naye.

Mara nyingine lawama hiyo haina ukweli kabisa. Mwaka 1992 tajiri wa Texas, Ross Perot, alipata karibu asilimia 19 ya kura za taifa, na hakupata mjumbe hata mmoja. Bill Clinton alishinda kwa asilimia 43, na Rais George Bush, baba yake Bush tuliyemtaja, akaondoka na asilimia 37. Wafuasi wa Bush walisema, na wapo wasemao hadi leo, kwamba Perot ndiye aliyemwangusha. Lakini wapiga kura wa Perot walipoulizwa walipokuwa wakitoka vituoni, walionekana kugawanyika takriban sawa kwa sawa kati ya wakubwa wawili. Kura za watu si magunia ya karafuu, yanayoweza kuhamishwa kutoka ghala hili kwenda lile kwa hati ya mkubwa wa ghala. Kila moja ina mwenyewe, na wapo ambao, mgombea wao asipokuwapo, hubaki nyumbani.

Ukitaka kuona kura zilizogawanywa kweli kweli, usiangalie chama kidogo, angalia chama kikubwa kilichopasuka. Mwaka 1912 Rais Taft na rais aliyemtangulia, Theodore Roosevelt, wote wa Republican, waligombana hata Roosevelt akaunda chama chake. Roosevelt akapata asilimia 27, Taft 23, na Woodrow Wilson wa Democrat akachukua nchi kwa asilimia 42 tu, na wajumbe 435 kati ya 531. Taft, rais aliyekuwa madarakani, alipata wajumbe 8.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona yayo hayo karibu zaidi. Mwaka 1991 wapinzani wa serikali walikusanyika chini ya jina moja la FORD, na nguvu yake ilionekana katika kila mji. Kabla ya mwaka uliofuata kumalizika, FORD ilikwisha kuwa mbili, FORD-Kenya ya Mzee Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na Mwai Kibaki alikuwa ameunda chama chake cha Democratic. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Daniel arap Moi alirudi madarakani kwa kiasi cha asilimia 36 ya kura. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Odinga 17. Watatu hao kwa pamoja walikuwa na zaidi ya asilimia 60. Sheria ilimtaka mshindi awe wa kwanza kwa kura, na apate robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Haikumtaka apate nusu ya nchi. Mwaka 1997 wakarudia, safari hii wakiwa wengi zaidi, na Moi akashinda kwa kiasi cha asilimia 40. Walipokubaliana kusimama nyuma ya mtu mmoja mwaka 2002, Kibaki alipata asilimia 62.

Sasa, katika uchaguzi ule wa 1992, mgawa kura alikuwa nani? Ni Kibaki, aliyekuja mwisho? Ni Odinga, aliyepata kura chache? Au ni Matiba, aliyekuwa wa pili na akakataa kumpisha mzee wake? Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na kila mmoja aliwaona wengine wawili kuwa ndio wagawa kura. Sisi tuliokulia katika kazi ya chama twajua jinsi jambo hili linavyokwenda ndani ya vikao: kila mtu yu tayari kwa umoja, maadamu umoja wenyewe uwe nyuma yake.

Twaona, kwa hiyo, kwamba neno hili lina kosa ndani yake. Linadhani kwamba kura ni mali ya mgombea mkubwa, na kwamba aliyepewa kura hiyo ameiiba. Lakini kura ni amana ya mwenye kuipiga, na kabla hajaitumbukiza ndani ya sanduku si ya Gore wala ya Moi. Kumwambia mwananchi asimchague anayemridhia kwa kuwa atampa nafasi asiyemridhia ni kumtaka apige kura kwa khofu. Na hata hivyo hatuwezi kumlaumu anayetoa ushauri huo, maana chini ya sheria ya aliyetangulia achukue, ushauri wake ni sahihi. Hapo ndipo lilipo tatizo. Sheria inamtia mwananchi mwaminifu katika hali ambayo kusema kweli yake kunaweza kumdhuru.

Tena ni sheria inayowafundisha watu hila. Katika mwaka ule wa 2000 kundi moja la Warepublican lililipia matangazo yenye maneno ya Nader mwenyewe akimshutumu Gore, wala si kwa kumpenda Nader. Mahali popote penye kanuni hiyo, mkubwa ana faida ya kumfadhili mdogo wa upande wa pili, na mdogo mkweli hawezi kutofautishwa na yule aliyepandikizwa. Mtu mwenye fikra mpya hujikuta anatuhumiwa kabla hajafungua kinywa.

Lawama huwa kali kwa sababu nyingine pia, nayo ni kwamba kushindwa ni kukosa vyote. Hapa Zanzibar tuliligusa hilo kwa njia yetu. Baada ya kura ya maoni ya Julai 2010, ambayo karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali, Katiba ilirekebishwa ili iwepo Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichoshika nafasi ya pili. Tofauti ya kura 3,471 ya mwaka ule haikuleta yale yaliyoletwa na tofauti ya 1,565 ya mwaka 1995. Lakini maafisa wanaotunza sheria zetu waangalie pia upande wa pili wa kanuni hiyo. Ikiwa nafasi ya pili ina kiti serikalini, basi mgombea wa nne aweza kumgawia kura wa tatu, au wa tatu kumwangusha wa pili, na mgogoro ule ule ukahamia ngazi ya chini.

Dawa inayotajwa kwanza ni kumtaka mshindi apate zaidi ya nusu, na asipopata, wawili wa juu warudi kwa wananchi. Sharti la nusu lilikuwamo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano katika uchaguzi wa mwaka 1995, na liliondolewa kwa Marekebisho ya Kumi na Tatu ya mwaka 2000. Kenya ilikwenda kinyume. Katiba yake ya 2010 inataka zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, au uchaguzi urudiwe kati ya wawili wa kwanza. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aliivuka nusu kwa asilimia 50.07, ziada ya kura elfu nane na kitu, na Mahakama ya Juu ililazimika kuamua kama kura zilizoharibika zihesabiwe katika kutafuta hiyo nusu. Ikaamua zisihesabiwe.

Twaona kanuni ya nusu ni bora kuliko ile ya kutangulia tu. Lakini wanaoisifu kupita kiasi waulizeni habari ya Ufaransa. Tarehe 21 Aprili 2002 wagombea walikuwa 16. Rais Jacques Chirac alipata asilimia 19.88, Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.86, na Waziri Mkuu Lionel Jospin wa chama cha Kisoshalisti 16.18. Jospin aliachwa nyuma kwa kura zipatazo 195,000, akatolewa. Jean-Pierre Chevènement, aliyekuwa waziri katika serikali yake mwenyewe, alikuwa amepata zaidi ya milioni moja na nusu. Christiane Taubira, mzaliwa wa Guyana ya Ufaransa, zaidi ya 660,000. Watu wa mrengo wa kushoto walidhani duru ya kwanza ni ya kuonyesha hisia na ya pili ndiyo ya kuamua, na ya pili ilipofika hawakuwa na mgombea. Wakaenda kwa mamilioni kumpigia kura Chirac, ambaye wengi wao hawakumtaka, akashinda kwa asilimia 82. Duru ya pili haikumwondoa mgawa kura. Ilimhamishia katika duru ya kwanza.

Iko njia nyingine, na inafaa kutajwa kwa kuwa imetumiwa na visiwa. Nchini Ireland mpiga kura huandika namba mbele ya majina, 1 kwa anayemtaka kwanza, 2 kwa anayemfuatia, na kuendelea. Asipopatikana mwenye nusu, wa mwisho huondolewa na karatasi zake hugawiwa kwa kufuata namba inayofuata. Mwaka 1990 Brian Lenihan aliongoza hesabu ya kwanza kwa kura 694,484, Mary Robinson akawa wa pili kwa 612,265, na Austin Currie wa tatu kwa 267,902. Kwa kanuni ya aliyetangulia, Lenihan angekuwa rais na Currie angeitwa mgawa kura hadi kufa kwake. Badala yake karatasi za Currie zilifunguliwa: 205,565 zilikuwa zimemtaja Robinson, 36,789 Lenihan, na 25,548 hazikumtaja yeyote kati yao. Robinson akawa rais wa kwanza mwanamke wa nchi ile kwa kura 817,830 dhidi ya 731,273. Currie hakumharibia mtu, na waliomchagua hawakupoteza kitu.

Kisiwa cha pili ni Sri Lanka, nacho kinaonyesha mpaka wa dawa hiyo. Huko mpiga kura anaweza kutaja hadi watu watatu kwa mpangilio, na kanuni hiyo imekuwapo tangu uchaguzi wao wa kwanza wa rais kwa kura za wananchi, mwaka 1982. Haikuhitajika hata mara moja hadi tarehe 21 Septemba 2024. Siku hiyo Anura Kumara Dissanayake alipata kura 5,634,915, sawa na asilimia 42, na Sajith Premadasa 4,363,035. Wagombea wengine wote, pamoja na Rais Ranil Wickremesinghe aliyekuwa madarakani, wakaondolewa, na karatasi zao zikapitiwa upya. Kesho yake jioni matokeo yalitangazwa: Dissanayake aliongezewa kura 105,264 na Premadasa 167,867. Karatasi zilizopitiwa zilikuwa zaidi ya milioni 3, na zilizokuwa na namba ya kuhamishika kwa mmoja wa wale wawili zilikuwa 273,131. Wengine wengi walikuwa wameandika namba 1, au wametia alama moja, wakakunja karatasi yao na kwenda zao. Haki waliyokuwa nayo kwa miaka 42 hawakuitumia, na mshindi akaapishwa bado akiwa na chini ya nusu ya kura zilizopigwa.